Wanaume 30 waliopewa malaria Nairobi

Wiki iliyopita nilisimama pale nje ya Archives, kelele zote za Tom Mboya Street nyuma yangu, nikarekodi video ya sekunde 40. Nilisema hivi: mwaka 1953, humu humu Nairobi, wanaume 30 Wajaluo waliambukizwa malaria makusudi, na kilichoonekana kwenye damu yao kiko leo kwenye mafunzo ya biolojia dunia nzima. Basi, hayo tu. Kufikia jioni nilikuwa nimeitwa mwongo wa kila rangi. Wengine walisema nimetoa stori kwa filamu. Mmoja akaniambia, "Dada, wacha kutafuta jina na mambo ya wazee."

Sawa. Sekunde 40 hazitoshi, hilo nakubali. Hii hapa stori yenyewe, ndefu, pamoja na sababu zangu za kuona inatuhusu sisi wa Nairobi kuliko mtu mwingine yeyote.

Naanzia nyumbani. Mimi ni wa Kangemi. Baba alikuja kutoka Siaya, mathee kutoka Busia, wakapatana hapa, wakatuzaa watatu. Kitinda mimba wetu ana selimundu, huu ugonjwa ambao mtaani tunauita tu sikoseli. Kwa wasioujua: chembe nyekundu za damu kwa kawaida ni za mviringo na laini, zinapenya popote. Za ndugu yangu zikikosa oksijeni zinajipinda kama mundu wa kukatia nyasi, zinakuwa ngumu, zinakwama kwenye mishipa midogo. Na damu isipopita, mwili unalia. Nimemwona akiwa na miaka tisa akiuma kola ya sweta yake usiku ili asiamshe majirani. Keja zetu mnazijua, ukuta ni mabati, kila mtu anasikia kila kitu.

Julai ndiyo mbaya zaidi. Baridi ya Kangemi ikishuka, sisi tunachemsha maji saa nane usiku, tunajaza chupa, tunazifunga na leso, tunamkanda miguu. Kuna mwalimu aliyewahi kumwita mvivu mbele ya darasa zima. Kuna kliniki tulifika naye usiku akitetemeka kwa uchungu, muuguzi akasema anajifanya, anataka sindano. Sitaji majina, sijakuja hapa kushtaki mtu. Nataka tu mjue nilikua nikidhani huu ugonjwa ni nuksi ya familia yetu, kitu cha kunong'onezwa wageni wakienda. Hakuna aliyeniambia una historia. Na hakika hakuna aliyeniambia sura nzito ya hiyo historia iliandikwa Kenya.

Kwenye vitabu, stori huanzia Chicago. Mwaka 1910 daktari James Herrick alichapisha habari za kijana aliyekuwa akisomea udaktari wa meno, Walter Clement Noel, mtu wa kisiwa cha Grenada. Kwenye damu yake kulikuwa na chembe nyembamba, ndefu, zenye umbo la mundu. Herrick hakujua ni nini. Mwaka 1927 watafiti wawili, Hahn na Gillespie, waliona kwamba chembe hizo zinajipinda oksijeni ikipungua na kunyooka ikirudi. Halafu 1949, Linus Pauling na wenzake kule California walipitisha umeme kwenye hemoglobini, ile protini inayobeba oksijeni kwenye damu. Hemoglobini ya wagonjwa ilisafiri tofauti na ya watu wazima wa afya. Wakaandika kwamba huu ni ugonjwa wa molekuli. Ilikuwa mara ya kwanza kwa ugonjwa wa binadamu kufuatwa mpaka kwenye kasoro ya protini moja.

Na ni mwaka huo huo wa 1949 ambapo stori inafika kwetu.

Anthony Allison alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925 lakini alikulia Kenya, shambani karibu na Gilgil. Ndiyo, mtoto wa walowezi, na hilo tutalirudia. Akiwa mwanafunzi Oxford alijiunga na msafara wa chuo hicho uliokuja Mlima Kenya mwaka 1949. Wenzake walikuja kwa mimea na wadudu. Yeye alikuwa anazunguka nchi akikusanya damu. Kipimo chenyewe hakikuwa na maajabu: unachukua tone, unaliweka chini ya hadubini pamoja na kemikali inayonyonya oksijeni, unangoja. Kama mtu amebeba hemoglobini ya mundu, chembe zinajipinda ukiwa unaangalia.

Alichokipata hakikueleweka kwa haraka. Karibu na Ziwa Victoria, na kule pwani, zaidi ya watu 20 kwa kila 100 walikuwa wabebaji. Nyanda za juu, hii sehemu yetu ya katikati, hata 1 kwa 100 hakufika.

Hebu fikiria hilo kidogo. Mtoto akirithi jeni hii kwa mama na kwa baba, anaugua, tunamwita SS. Miaka hiyo wengi wa SS walikufa wakiwa wadogo, kabla ya kuzaa. Jeni inayoua watoto ingepaswa kupungua kizazi baada ya kizazi hadi iishe. Sasa mbona kando ya ziwa mtu 1 kati ya 5 anayo? Lazima kuna kitu kinairudisha. Allison akaiwaza ramani yake. Ziwa, pwani: joto, maji, mbu. Nyanda za juu: baridi. Akasema moyoni, ni malaria. Aliyerithi jeni moja tu, yule tunayemwita AS, hapati ugonjwa, ila pengine malaria inamwogopa.

Pengine. Wazo si ushahidi. Akarudi Oxford kumaliza masomo ya udaktari, na 1953 akarudi Kenya kutafuta ushahidi.

Nairobi ya 1953 ilikuwa mji wa askari. Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Wazee wetu waliishi kwa misako na amri. Ni katika mji huo Allison alipata Wajaluo 30 wa kujitolea, wote wanaume watu wazima, wote wakiwa wamekaa mbali na maeneo ya malaria kwa mwaka mmoja na nusu au zaidi. Hapo ndipo Nairobi ilipofaa: baridi yake ilimaanisha hawakuwa wakiumwa na mbu wa malaria kila usiku kama wangekuwa nyumbani ziwani. Wanaume 15 walikuwa AS. Wengine 15 hawakuwa na jeni hiyo.

Wakaambukizwa. Vimelea vilikuwa vya aina mbili, vingine vilitoka mbali huko Malaya na vingine karibu na Mombasa. Baadhi ya wanaume walidungwa damu yenye vimelea, wengine waliumwa na mbu walioambukizwa. Damu yao ikafuatiliwa kwa siku 40, na baadaye wakapewa dawa za malaria.

Matokeo: kwa wale 15 wasio na jeni, 14 walipata vimelea kwenye damu. Kwa wale 15 wa AS, ni 2 tu.

Nikisoma hizo namba mara ya kwanza nilikuwa kwenye mat, Waiyaki Way, foleni imesimama pale Westlands. Nilizisoma tena. 14 kwa 2.

Allison hakuishia hapo. Alipima watoto 290 karibu na Kampala. Kati ya wabebaji 43, waliokuwa na vimelea ni 12, yaani kama 28 kwa 100. Kati ya wasio wabebaji 247, walikuwa 113, yaani kama 46 kwa 100. Akapima karibu watu 5,000 Afrika Mashariki ili kuchora ramani kamili. Mwaka 1954 yote yakachapishwa. Ya wanaume wa Nairobi yalitoka Februari kwenye jarida la madaktari wa Uingereza. Miezi miwili baadaye, Aprili 24, Waingereza wakaanza Operesheni Anvil hapa mjini na kukamata maelfu ya watu. Mji ule ule, mwaka ule ule.

Sasa nieleze ndani ya chembe kunatokea nini, kwa sababu hapo ndipo mimi niliacha kumwonea ndugu yangu huruma ya bure na kuanza kumsaidia kwa akili.

Molekuli moja ya hemoglobini imeundwa kwa asidi amino 574. Mwaka 1956 na 1957, huko Cambridge, Vernon Ingram aligundua tofauti kati ya hemoglobini ya kawaida na ile ya mundu. Ni nafasi ya 6 kwenye mnyororo unaoitwa beta. Badala ya asidi glutamiki kuna valini. Kwa vile minyororo ya beta ni miwili, hiyo ni mabadiliko 2 kati ya 574. Basi. Ila asidi glutamiki ina chaji na inapenda maji, na valini ni kama mafuta, inayakimbia. Kwa hiyo kila molekuli inatembea na kidoa cha mafuta mgongoni kikitafuta pa kujificha. Hemoglobini ikiwa imebeba oksijeni, hakuna pa kujificha. Ikishaiachilia, umbo lake linabadilika, kijishimo kinafunguka kwa jirani, na kile kidoa kinaingia pale sawasawa. Molekuli moja inashika nyingine, hiyo inashika ya tatu, mpaka inatokea kamba ndefu yenye nyuzi 14 zilizosokotwa pamoja. Ndani ya chembe moja ya damu kuna molekuli karibu milioni 270. Kamba hizo zikikua, ndizo zinazoisukuma chembe iwe mundu.

Lakini hazikui tu hivi hivi. Umewahi kungoja mat ya Kangemi tao saa nne asubuhi? Gari tupu halivutii mtu. Mmoja anapanda, anaona yuko peke yake, anashuka. Wawili wanapanda, wanashuka. Dakika zinaenda. Ndiyo maana makanga huweka wale jamaa wanaolipwa kukaa ndani wakijifanya abiria. Wakifika watano sita, gari linajaa kwa kufumba na kufumbua. Na likijaa, umati uliobaki nje unavamia lililo nyuma.

Protini inafanya hivyo hivyo. Molekuli chache za kwanza zikishikana zinaachana, zinashikana, zinaachana. Kwa muda hakuna kinachoonekana kabisa. Kisha kikundi kimoja kinafikia ukubwa ambao kuongezeka ni rahisi kuliko kubomoka, na hapo kamba inakimbia. Kamba mpya pia zinachipuka ubavuni mwa zile za zamani. Huo muda wa kungoja ndio uhai wenyewe. Chembe inaacha oksijeni kwenye misuli, halafu ina sekunde chache za kupita mishipa membamba na kurudi kwenye mapafu kujaza tena. Ikirudi kabla gari halijajaa, imepona. Ikichelewa, inakwama.

Mwaka 1974 watafiti watatu wa Marekani, Hofrichter, Ross na Eaton, walipima muda huo. Waliona unategemea msongamano wa hemoglobini kwa namna ya kutisha, karibu kipeo cha 30. Chukua kalkuleta. Punguza msongamano kwa asilimia 5 tu: muda wa kungoja unaongezeka zaidi ya mara 4. Punguza asilimia 10: zaidi ya mara 20. Ndiyo maana maji ni dawa. Mwili ukikauka, chembe zinapoteza maji, hemoglobini inasongamana, gari linajaa mapema. Kila asubuhi sasa huwa namsumbua ndugu yangu na chupa ya lita mbili, na nikimweleza kwa mfano wa mat anacheka na anakunywa.

Na ndiyo maana mtu wa AS kama mimi anaishi poa. Hemoglobini yangu ya mundu haifiki nusu, nyingine ni ya kawaida, kwa hiyo kikundi cha kwanza kinachelewa sana kuundwa. Damu inarudi kwenye mapafu kabla kitu hakijaanza.

Kuna jambo lilinishangaza kuliko yote. Ukiweka hemoglobini hii kwenye chupa ya maabara na kuipoza, zile kamba zinayeyuka. Baridi inazivunja! Hata wale watatu wa 1974 walianza na mchanganyiko baridi, wakaupasha moto ghafla ndipo saa ikaanza kuhesabu. Sasa mbona Julai ndiyo inamwangusha ndugu yangu? Kwa sababu mtu si chupa. Madaktari wanaeleza kwamba ukipigwa na baridi mishipa ya ngozi na ya miguu inajibana, damu inapita polepole, chembe zinachelewa njiani. Joto ndani ya mwili ni lile lile, ila safari imekuwa ndefu. Mathee hakusomea fizikia ya protini lakini chupa zake za maji moto zilikuwa zinajibu swali sahihi.

Na malaria je? Maelezo yako kadhaa na utafiti unaendelea. Moja ni kwamba kimelea kikiingia kwenye chembe ya mtu wa AS, chembe hiyo inajipinda upesi kuliko zingine, na wengu unaiondoa ikiwa na mgeni wake ndani. Yaani zile kamba zinazomtesa ndugu yangu, kwangu zinaweza kuwa mtego wa kimelea.

Haki ni haki, kwa hiyo niseme pia kwamba jaribio la Nairobi lilipingwa. Watu 30 ni wachache. Mwaka 1955 Beutler na wenzake walirudia kitu kama hicho Marekani kwa Wamarekani weusi wa kujitolea, hawakuona tofauti ya maana. Ubishi ulichukua miaka. Ushahidi mkubwa ulikuja polepole, na tena kutoka Kenya. Mwaka 2002 utafiti wa watoto wa Asembo, kule kwetu Siaya, ulionyesha kwamba watoto wa AS walikufa wachache zaidi kati ya umri wa miezi 2 na 16. Mwaka 2005 watafiti wa Kilifi walionyesha kuwa AS inamkinga mtoto dhidi ya malaria kali kwa karibu asilimia 90. Allison alifariki 2014, akiwa ameishi kuona wazo lake limesimama.

Sasa turudi kwa wale 30. Kuna watu wawili wananikera kwenye huu mjadala. Wa kwanza anasema Allison alikuwa shujaa, tusiharibu stori. Wa pili anasema ni mkoloni aliyedunga Waafrika sumu, futa kila kitu. Wote wawili wanawasahau wale wanaume.

Mimi naona hivi. Kanuni za Nuremberg, zinazosema huwezi kumfanyia mtu majaribio bila ridhaa yake ya hiari, zilikuwa zimeandikwa 1947. Ripoti inawaita watu wa kujitolea. Lakini neno "kujitolea" linabeba mzigo gani katika mji ulio chini ya Hali ya Hatari, mwenye kuomba akiwa daktari mzungu na mwenye kuombwa akiwa Mwafrika? Leo hakuna kamati ya maadili ingepitisha hilo kirahisi. Wakati huo huo, walichotoa ni kweli na kimesimama. Hatuwezi kukitupa bila kuwatupa na wao. Fikiria mtu ameacha mbu wa ziwa, amekuja Nairobi kutafuta riziki, halafu anakubali mbu wenye malaria wamuume mkononi. Huyo ni babu ya mtu. Huenda ni babu yako unayesoma hii ukiwa Kawangware au Uthiru. Jina la Allison liko kila mahali. Hao wengine tunawajua kwa hesabu tu: 15 na 15.

Kidato cha nne tulifunzwa selimundu kwenye jenetiki. Mwalimu alichora miraba, AS mara AS, akasema 1 kati ya 4. Alitaja Darwin. Sikusikia neno Nairobi hata mara moja. Tulifundishwa historia yetu kama imetokea kwa wenyewe.

Na kutojua huko kuna gharama. Hapa Nairobi bado nasikia watu wakisema huo ni ugonjwa wa watu wa ziwa. Hapana. Ni alama ya mbu, haijui kabila. Iko Kilifi, iko Uganda na Kongo, iko Oman na Saudia, iko India, iko hata Ugiriki. Popote malaria ilipokaa sana, jeni hii au binamu zake walibaki. Na Nairobi ni mji wa waliokuja. Tangu reli ifike hapa 1899, watu wa ziwa na wa pwani wamekuwa wakipanda huku na damu yao. Huku malaria si tishio la kila usiku, kwa hiyo faida tuliiacha nyumbani, hasara tukaja nayo. Tumebeba mwavuli mahali pasiponyesha, na chuma zake zinatuchoma.

Tena tunaoana. Mluhya wa Busia, Mgiriama, Mjaluo, Mkikuyu, wote steji moja, kanisa moja, keja moja. Hesabu ya wale wazee wa 1949, ati nyanda za juu hakuna, haitusaidii tena.

Dawa ipo. Hidroksiurea iliidhinishwa Marekani 1998 kwa watu wazima wenye selimundu. Inafanya mwili utoe tena hemoglobini ya mtoto wa tumboni, ambayo haiingii kwenye zile kamba. Ni kama kujaza steji na watu wasiopanda mat. Kwa miaka watu waliogopa kuwapa watoto wa Afrika, eti itazidisha malaria. Kisha ukafanywa utafiti nchi nne, Angola, Kongo, Uganda na Kenya, wetu ukiwa Kilifi, na matokeo yakatoka mwishoni mwa 2018: maumivu yalipungua, kuongezwa damu kulipungua, malaria ilipungua, vifo vilipungua. Ndugu yangu yuko kwenye hiyo dawa mwaka wa tatu sasa. Julai iliyopita tulichemsha maji usiku mara mbili tu.

Kuna pia tiba mpya ya kuhariri jeni, iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja, zaidi ya shilingi milioni 280. Nimeandika hiyo namba na nimeiacha hapo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na niko tayari kubishana. Kenya ina deni. Maarifa haya yalitoka kwenye damu ya watu wetu: Nairobi, Asembo, Kilifi. Deni halilipwi kwa sanamu. Linalipwa kwa kila mtoto anayezaliwa nchi hii kupimwa, Pumwani na Kangemi sawa na Kisumu. Linalipwa kwa hidroksiurea kupatikana bila familia kuuza televisheni. Linalipwa kwa muuguzi wa usiku kufundishwa kwamba mtoto anayelia hajifanyi. Na kwa mwalimu wa biolojia kusema, kabla ya kuchora ile miraba: ilianza hapa, wanaume 30, mwaka 1953.

Na sisi nasi tuna letu. Mimi nilipima mwaka jana, ndivyo nilivyojua ni AS. Nilichelewa miaka kumi, nikiwa na mgonjwa ndani ya nyumba. Mchumba wangu hajapima. Wazee wake ni wa Homa Bay, na kila nikianza hiyo stori anageuza mada, anasema tukianza kupimana damu tutaishia kuachana. Ninamwelewa. Naogopa pia. Kama naye ni AS, kila mimba itakuwa 1 kati ya 4, na mimi najua hiyo 1 inasikikaje saa nane usiku kupitia ukuta wa mabati.

Nimemwambia Jumamosi hii tunaenda pamoja. Amesema ataona. Nimemtumia hii posti kwanza, kabla yenu.